Dakika kumi za radio kwa mwili uliochoka na vita

Leo siongelei bei ya unga wala barabara. Naongelea mgongo.

Ukipita kwenye vituo vya afya kuanzia Sake mpaka Kibumba utakuta malalamiko yaleyale: mgongo, kichwa, tumbo, moyo unaodunda usiku, usingizi usiokuja. Wanapima malaria, hakuna. Wanatoa parasetamoli, mama anarudi nyumbani, na wiki ijayo yuko tena kwenye benchi. Wengine wanaanza kumcheka kwamba anapenda dawa. Mtu huyu hadanganyi. Mwili unamuuma kweli.

Mwili wa aliyekimbia vita umejifunza kazi moja, na umeijua vizuri. Bomu likilia, moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega yanapanda, meno yanabanana, misuli ya miguu inajiandaa kukimbia. Hiyo ndiyo akili ya mwili, na ndiyo iliyokufikisha hapa ukiwa hai. Shida inaanza pale bomu limenyamaza tangu miezi na mabega bado yako juu. Upepo ukigonga bati, umesimama mlangoni kabla hujajua kwamba ni upepo.

Kuna mazoezi ya kusaidia mwili ujue kwamba sasa hivi hakuna anayekufukuza. Mmarekani Thomas Hanna aliyapa mazoezi ya aina hii jina la somatiki katika miaka ya 1970, lakini jina hilo mnaweza kulisahau leo jioni. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kaa juu ya bidoni, au simama. Kanyaga chini kwa miguu yote miwili mpaka uhisi jiwe la volkano chini ya kandambili yako. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio, yashike kidogo, yaache yaanguke. Vuta pumzi ukihesabu mpaka tatu, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayotuliza moyo. Kisha jiulize: wapi pamekaza? Wapi pametulia, hata kama ni kidole tu? Rudia. Siyo jimnastiki ya shule, hakuna anayeshinda. Anayefanya haraka hajafanya kitu.

Na macho yabaki wazi. Hili nalisisitiza, maana nimeona waelimishaji wanaoamuru watu wote wafumbe macho. Kwa aliyeona mambo mabaya, giza la macho ndiyo mahali mambo yale yanapomsubiri. Aangalie mti, aangalie mtoto wake. Na anayetaka kuacha katikati aache, bila kuulizwa kwa nini.

Najua wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu. Wachungaji wawili watatu wameshaniambia wanaogopa kuna roho nyingine ndani yake. Mimi nawajibu hivi: kila Jumapili mnatuambia tusimame, tuinue mikono, tucheze, na watu wanatoka pale mabega yameshuka. Akina mama wawili wanaotwanga sombe kwa zamu kwenye kinu kimoja wanapumua pamoja bila kufundishwa na yeyote. Msibani tunayumba huku tukiimba. Mwili wetu ulikuwa na dawa hii tangu zamani, ni vita vilivyotutawanya mpaka hakuna tena wa kutwanga naye.

Wala si jambo jipya katika Kivu. Goma, tangu 2014, watoto waliotoka katika vikundi vyenye silaha walifundishwa kapoera, mchezo wa Brazili, kwa msaada wa UNICEF na wenzake. Bukavu, nyumba ya City of Joy iliyofunguliwa 2011 inawapa wanawake waliobakwa ngoma na mazoezi ya mwili pamoja na mazungumzo.

Ila hapa ndipo ninapotaka tuulizane. Kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine zilivunjwa Februari 2025. Watu wamerudi Masisi na Rutshuru, wengine wako katika familia zilizowapokea, wengine kanisani. Hema ambamo akina mama walikutana na muelimishaji halipo tena. Mwezi uliotangulia, Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake mingi, na wafanyakazi wengi wa kusikiliza watu walirudishwa nyumbani. Tukingoja hema jipya tutangoja sana.

Radio haikuvunjwa. Hata kwenye simu ndogo ya tochi inasikika.

Tena njia hii imejaribiwa. Kaskazini mwa Uganda, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walifanya utafiti na wanawake wakimbizi karibu 700 kutoka Sudani Kusini, na matokeo yalitoka 2020. Walikaa katika vikundi, mara tano, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa katika lugha yao: namna ya kupumua, kuhisi miguu chini, kuyaona mawazo mabaya bila kuvutwa nayo. Walioongoza hawakuwa waganga, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi. Miezi mitatu baadaye walioshiriki walikuwa na mateso ya moyo kidogo kuliko wenzao ambao hawakupata. Sauti iliyorekodiwa! Hiyo si ndiyo kazi yetu sisi watu wa radio?

Nilipopeleka wazo hili kwa mkuu wa vipindi mmoja hapa mjini, aliniambia dakika za jioni zimeshauzwa: kampuni ya bia, mahubiri, matangazo ya vifo. Namuelewa, mafuta ya jenereta hayanunuliwi kwa maneno. Lakini dakika kumi kwa siku ni bei ya tangazo moja la bia, na wanaobakia macho usiku kucha ndio wasikilizaji wetu waaminifu kuliko wote. Na wanaume watasikiliza pia. Vikao vya mashirika vinaitwa vya mama na watoto, kwa hiyo msukuma chukudu mwenye mabega ya chuma hawezi kwenda. Lakini radio anaisikia akiwa peke yake, hakuna anayemtazama.

Nisieleweke vibaya. Pumzi haijazi sufuria. Anayelala njaa anahitaji unga kwanza, na shirika linalopunguza chakula huku likileta mazoezi linatudharau. Aliyebakwa aende hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ambazo baada ya hapo hazisaidii tena. Mwenye jeraha, mwenye homa, anayefikiri kujiua, hao wasiachiwe radio.

Kwa walio na saa zao wenyewe hewani, naomba saa kumi na mbili na nusu jioni, watu wanapopika. Maandishi ya Kiswahili niko nayo tayari, kurasa nne. Kwa Kihunde na Kinyarwanda tunatafuta sauti: mama mtu mzima, asiye na haraka.