Udhamini wa Michezo: Na Mguu Ukiumia?

Hapa Mweiga, mwezi wa saba vidole hukataa kushika kalamu kwa sababu ya baridi. Mhariri wetu aliniomba niandike kuhusu faida za michezo shuleni. Samahani, mhariri. Insha hiyo nimeiandika tangu darasa la tano na faida zake nazijua kwa moyo: afya, nidhamu, kutembea miji ya watu. Leo nina jambo lingine, na jambo lenyewe lilibisha hodi mlangoni petu mwezi wa pili mwaka huu.

Nilikuwa nimeshika nafasi ya pili katika mbio za mita 3,000 kwenye mashindano ya kaunti ndogo yetu. Jumapili iliyofuata mgeni akaja kwetu na gari dogo. Alisema ametumwa na shule moja ya kibinafsi ya bweni, ambayo sitaitaja. Alikunywa chai vikombe viwili, akamweleza mama kwamba nikihamia kwao sitalipa karo, malazi wala sare, na kila mwaka nitapewa raba mbili za kukimbilia. Mama yangu huuza viazi sokoni. Basi wewe mwenyewe fikiria jinsi uso wake ulivyong'aa! Lakini mama hana papara. Alimuuliza mgeni swali moja tu: "Na akiumia mguu?"

Mgeni alicheka. "Mama, tusiombee mabaya."

Hilo si jawabu. Nilijua si jawabu kwa sababu msichana ninayekaa naye dawati moja aliwahi kupewa hotuba kama hiyo, neno kwa neno, hata na zile raba mbili. Alichukuliwa na shule nyingine ya kibinafsi alipokuwa kidato cha kwanza. Huko kengele yao wanariadha ililia saa kumi alfajiri. Walikimbia hadi saa kumi na mbili. Jioni wakatoka tena saa tisa unusu hadi saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Piga hesabu uone kama hukupata saa 27. Wakati wa prepu yeye alikuwa amelala juu ya kitabu cha kemia, na mwalimu wa zamu alimwacha, ati "huyo ni wa mbio". Kidato cha pili mfupa wa muundi ukaanza kumuuma. Daktari akasema apumzike miezi mitatu. Muhula uliofuata akaitwa ofisini na kuambiwa ana salio la karo kama wanafunzi wengine. Alirudi nyumbani na sanduku lake katikati ya muhula. Barua ya uhamisho nayo ikazuiliwa mpaka salio lilipwe. Babake aliuza ng'ombe. Hivi sasa anarudia kidato cha tatu pamoja nasi, na ukimtajia moli za kemia anakutazama kama uliyemtukana.

Sasa, kuna watu watakaosema kwamba sisi wa shule za kutwa tuna wivu. Labda. Lakini wivu haubadilishi saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimepanga masomo yaanze saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu, michezo ifuate hadi saa kumi na dakika 45, na wanafunzi wa bweni walale kuanzia saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ndiyo sheria. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba mwanariadha si mwanafunzi.

Hata Marekani, ambako vyuo vinajaza viwanja kwa maelfu ya watu, chama cha michezo ya vyuo kimeweka kipimo: wakati wa msimu, mazoezi yasizidi saa 4 kwa siku wala saa 20 kwa wiki, na siku moja iwe ya kupumzika. Hao ni watu wazima wa chuo kikuu. Mwenzangu alikuwa na miaka kumi na minne! Tena huko jambo la mguu walilipigania muda mrefu. Kuanzia mwaka 1973 udhamini wao ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kocha aliweza kukuacha. Mwaka 2015 ligi kubwa tano zikapiga kura kwamba mwanafunzi asinyang'anywe udhamini kwa sababu za uwanjani. Kumbe inawezekana.

Mgala muue na haki yake mpe. Udhamini umewainua watu, na mfano mkubwa uko kwenye barabara hii hii yetu. Ukipanda matatu hapa Mweiga ukaelekea upande usio wa Nyeri mjini, unafika Nyahururu, alikozaliwa Samuel Wanjiru. Mwaka 2002, akiwa na miaka kumi na mitano, alichukuliwa na shule ya kibinafsi ya Sendai Ikuei kule Japani. Wajapani wana mbio zao za kupokezana ziitwazo ekiden. Vijana saba wa shule moja hugawana kilomita 42.195, na kila Desemba shule za nchi nzima hukutana Kyoto. Shule ya Wanjiru ilishinda mwaka 2004. Yeye alimaliza masomo hapo mwaka 2005, na mwaka 2008 akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni katika Olimpiki, kule Beijing, kwa saa 2:06:32. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24, na bado wazee wa huku wanamzungumzia kama mtoto wa jirani.

Ninachokipenda katika habari hiyo si medali peke yake. Alimaliza shule. Lakini usidhani huko ni peponi. Wakenya waliposhinda sana, Wajapani walibadilisha kanuni: tangu mwaka 2008 mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kukimbia sehemu ya kwanza ya mbio hizo za vijana, ile ndefu ya kilomita 10. Mwenye mchezo ndiye mwenye kanuni, na aliyeletwa kukimbia hukimbia anapoambiwa.

Na si lazima upitie huko. Catherine Ndereba, aliyekimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47 na kuvunja rekodi ya dunia, alisoma hapa hapa Nyeri, katika Shule ya Upili ya Ngorano, kisha akaingia Idara ya Magereza. Alipata ushindi wa Boston mara nne. Hilo nalisema kwa sababu mgeni wetu alimwambia mama kwamba shule ya kutwa "itaua kipaji cha mtoto".

Mimi siombi udhamini uondolewe. Nani anakataa karo ya bure? Nasema mambo yaandikwe karatasini, mzazi na shule watie sahihi. Ukichukuliwa kidato cha kwanza, ulipiwe hadi kidato cha nne, uwe mzima au mgonjwa. Saa za mazoezi zitajwe. Matibabu ya jeraha la uwanjani yawe juu ya shule. Na mtoto akitaka kuondoka, barua yake ya uhamisho isifungiwe kabatini. Shule ikisema hilo ni ghali mno, basi angalau tujue bei, maana sasa anayeilipa ni baba mwenye ng'ombe mmoja.

Mama alimjibu mgeni kwa heshima. Alimwambia, "Rudi na karatasi, tutakaa tuisome." Mgeni akasema atazungumza na mkuu wake na kurudi wiki ijayo. Hiyo ilikuwa Februari. Mimi huamka saa kumi na moja unusu, nakimbia hadi njia panda na kurudi, naoga, nafika shuleni kabla ya kengele. Gari lile sijaliona tena.