Mafunzo ya udaktari yasipimwe kwa kibaba cha wengine

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yafaa tuikumbuke methali hii tunapojadili jinsi madaktari wetu wanavyofundishwa.

Mnamo mwaka wa 1969, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianza kuwafunza madaktari kwa mtindo mpya. Badala ya kutegemea mihadhara, wanafunzi wachache waliketi na mkufunzi, wakapewa kisa cha mgonjwa na kutafuta wenyewe chanzo cha maradhi. Mtindo huo uliigwa katika nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mjini Eldoret mwaka wa 1990, kiliufuata pia.

Hata hivyo, Eldoret hawakuiga tu. Wanafunzi wao hupelekwa katika vituo vya afya mashambani, wakajionee jinsi maji machafu, lishe duni na umbali wa hospitali unavyowaumiza wananchi. Kwa daktari atakayefanya kazi humu nchini, hilo si pambo. Ni kiini cha mafunzo yenyewe.

Basi mtu akiuliza iwapo mtindo fulani ni bora, kwanza naye aulizwe: wapi, kwa wanafunzi wangapi, na kwa vifaa gani? Wanafunzi wanane wenye mkufunzi na vitabu vya kutosha watafaidika na mijadala. Lakini ishirini wanaogombania kitabu kimoja, tena bila mkufunzi, wamebaki na jina la mtindo tu. Hao huenda wakafaidika zaidi na mhadhara ulioandaliwa vyema.

Wapo watakaodai kwamba hiki ni kisingizio cha kushusha viwango. La hasha! Daktari asiyenawa mikono kabla ya kumpima mgonjwa amekosea, awe Toronto au Turkana. Lengo ni moja kila mahali, mgonjwa atibiwe ipasavyo. Kinachobadilika ni njia ya kulifikia.

Kwa hivyo, wakaguzi wanapozuru vyuo vyetu wasitosheke na mitaala iliyopigwa chapa vizuri. Wawafuate wahitimu hadi wodini, katika hospitali za mbali. Wawaulize wauguzi: mama akivuja damu usiku wa manane baada ya kujifungua, je, daktari huyu hujua la kufanya kwa vifaa vilivyopo?

Jibu la swali hilo ndilo litakalotuonyesha ubora wa chuo.