Saa 48 Si Siku Nane

Ndugu wachimbaji wa Misisi na Lubichako, akina mama wa soko la Baraka, wavuvi na wananchi wote wa Fizi: leo twataka kusema nanyi juu ya kasho.

Habari hii mnaijua. Kijana anakamatwa jioni kwa ugomvi wa dhahabu au wa deni. Hakuna anayemwambia kosa lake. Siku ya kwanza inapita, ya pili, ya tano. Nyumbani ndugu zake wanachanga fedha. Na kama mshitakiwa mwenyewe amekimbia, anachukuliwa mke wake au mdogo wake, akae ndani mahali pake. Fedha zikifika mlango unafunguliwa, na hakimu hakusikia neno. Je, hiyo ndiyo sheria ya Kongo? Twajibu: Sivyo!

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema wazi. Kifungu cha 17: hakuna mtu wa kukamatwa kwa kosa la mwingine. Kifungu cha 18: anayekamatwa aambiwe mara moja sababu yake, katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwapasha habari jamaa zake au avoka wake, na polisi wasimweke zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Kifungu cha 19 champa haki ya kuwa na mtetezi tangu polisi wanapoanza kumwuliza maswali. Na kifungu cha 61 chakataza mtu kufungwa kwa sababu ya deni, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari.

Wengine watatuambia: "Ninyi mnatetea wezi na wenye bunduki. Fizi imeumia mno, sheria nyingi za nini?" Tunawajibu kwa jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari waliwatendea wanawake wa Fizi unyama mkubwa. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ilikuja kukaa Baraka. Luteni Kanali Kibibi Mutware alisimama mbele ya mahakimu pamoja na askari wake. Wanawake walisema mambo yaliyowapata. Washitakiwa nao walikuwa na watetezi wao. Tarehe 21 Februari kanali alihukumiwa miaka 20. Hazikupita hata siku 60 tangu kosa kutendeka.

Basi tuulize: ikiwa kamanda aliyeshitakiwa kwa jambo zito namna ile alipata avoka na hukumu, kwa nini mchimbaji anayedaiwa gramu moja asipate hata karatasi yenye jina la kosa lake? Haki ya mshitakiwa haikumwokoa mkosaji. Ndiyo iliyoipa hukumu ile nguvu.

Ubaya mwingine uko katika sheria yenyewe. Mwendo wa kesi za jinai umejengwa juu ya dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyotungwa na Wabelgiji muda usiotimia mwaka mmoja kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Kwa dekreti hiyo hakimu aweza kumweka mtu ndani siku 15, kisha akaongeza mwezi juu ya mwezi, naye bado hajahukumiwa. Mwaka ule ule wa 1959 Patrice Lumumba alikuwa ndani ya gereza la Stanleyville. Bwana alikwenda zake. Kalamu yake yafaa kubaki mezani petu?

Kwa wajumbe wanaotunga sheria twasema: marekebisho yo yote yafuate Katiba. Saa ya kukamatwa iandikwe katika daftari, na mtu atie sahihi. Asiye na fedha apewe mtetezi. Anayemshika ndugu mahali pa ndugu aadhibiwe yeye.

Nanyi wasomaji, msingoje. Mtu wenu akikamatwa, andikeni siku na saa. Ulizeni kosa lake kwa upole, lakini ulizeni. Nendeni wengi, si mmoja. Saa 48 zikiisha, takeni afikishwe mbele ya wakuu wa sheria. Mlipacho gizani leo, kesho jirani yenu atadaiwa mara mbili.

Uhuru usioingia kasho haujafika bado.