Elimu Isiwe Mizani ya Kura



Kuna hoja inayovuma humu chamani: eti wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wasipige kura tunapochagua viongozi wa chama, kwani hawajaiva kielimu. Mimi naipinga kabisa. Hebu tutazame yaliyowapata babu zetu.

Mnamo Machi 1957, Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na masharti. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mapato, mali au miaka ya utumishi. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja. Aliyetimiza mengi aliweza kupata hata tatu! Mkulima hohehahe asiyejua kusoma je? Akae kando atazame. Tena Wakikuyu, Waembu na Wameru walidaiwa cheti cha utiifu kwa serikali, maana hali ya hatari ilikuwa bado. Mlowezi wa Kizungu hakuulizwa cheti cha shule wala mshahara. Na juu ya hayo, Wazungu wachache walikuwa na wajumbe 14 wa kuchaguliwa, nao Waafrika kwa mamilioni yao wakapewa 8.

Watetezi wa mpango huo walidai kwamba aliyesoma huchagua kwa busara. Sawa, lakini kodi je? Asiyesoma hakusamehewa kodi, wala hakusamehewa sheria. Jambo la kutia moyo ni kwamba waliochaguliwa, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga na Ronald Ngala, hawakulewa vyeo. Walikataa uwaziri, wakadai viti zaidi, na mwaka 1958 vikaongezwa sita. Kufikia uchaguzi wa Mei 1963, kila mtu mzima alikuwa na kura yake moja. Mwezi uliofuata tukapata Madaraka.

Ndugu msomaji, anayeshika mizani ndiye huamua nani mzito. Kweli, mgeni wa Kidato cha Kwanza aweza kudanganywa kwa maneno matamu. Dawa yake ni kumweleza, si kumnyang'anya kura. Mbona ada ya chama twampokea bila kumuuliza kidato?

Tumwache achague. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mwanachama, Kidato cha Tatu