Mguu Umekufa Ganzi? Uliza Mgongo

Mume wangu alianguka na bodaboda hapa Tegeta, baada ya wiki unyayo wa kushoto ukafa ganzi. Mama mkwe akaleta beseni la maji ya moto. Nikakataa jamani, mguu usiosikia huungua kimya kimya. Kumbe tatizo laweza kuwa mgongoni: diski ya katikati ya pingili ikichomoza hubana neva inayoshuka hadi vidoleni. (Ganzi ya kisukari mara nyingi hushika nyayo zote mbili.) Nikamuuliza swali wasilolipenda wanaume: mkojo unatoka vizuri? Sehemu za siri unazisikia? Ganzi ikifika huko hakuna kusubiri kuche, ni MOI pale Muhimbili usiku huo huo. Ukichelewa, hata chumbani mambo yanaweza kuharibika moja kwa moja. Akacheka, anazisikia. Kesho anaenda kwa daktari, apende asipende.