Tikolo: Fundi wa kupiga aliyekabidhiwa Tanzania

Pale Ilembula, ukianzisha habari ya makocha wa Simba na Yanga, hata mtoto wa shule atakutajia waliotimuliwa misimu mitatu iliyopita. Ukitaja Steve Tikolo, wengi watauliza anacheza namba ngapi. Si ajabu. Njombe na Makambako ni nchi ya soka, na kriketi ya Tanzania imekaa zaidi Dar es Salaam. Ila kwa jina alilojenga uwanjani, makocha waliowahi kukabidhiwa timu ya Taifa ya Tanzania, mchezo wowote, wanaomfikia Mkenya huyu ni wa kuhesabu.

Kombe la Dunia 1996 alipiga mikimbio 96 dhidi ya Sri Lanka, waliokuja kuwa mabingwa. Mwaka 2003 akiwa nahodha aliifikisha Kenya nusu fainali, wakafungwa na India mjini Durban. Wapo wanaosema walibebwa kwa kuwa New Zealand iligoma kwenda Nairobi ikihofia usalama na pointi zikaenda kwa Kenya. Kweli, lakini Sri Lanka ilikwenda Nairobi na ikachapwa kwa mikimbio 53. Hapo nani alibebwa?

Ukocha ndio kazi nyingine kabisa. Akiwa na Uganda, mwaka 2017 timu ilishuka Daraja la Tatu la dunia, tena nyumbani Kampala. Mashabiki wa Njombe wanayajua machungu hayo, Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu 2017/18 na kushuka msimu huohuo. Tofauti ni kwamba Uganda haikukaa chini sana; mwaka uliofuata ilipanda tena kule Malaysia, na Tikolo yuleyule benchi.

Baadaye akaondoka, wakaja wengine. Novemba 2023 mjini Windhoek, Uganda ikaifunga Zimbabwe na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la T20 la 2024. Tanzania ilikuwa kwenye mashindano hayohayo, ikatoka mikono mitupu. Kirahisi tu mtu atasema: alipoondoka, wakafanikiwa, alipokwenda, hakuna kitu.

Hesabu hiyo ni ya soka, na hata kwenye soka mara nyingi huwa ya kuonea watu. Kwenye kriketi kocha hana mkono mrefu mechi ikianza. Hakuna sabu ya dakika ya 60 ya kubadili mchezo. Nani arushe mpira na nani asimame wapi, anayeamua ni nahodha. Yaani Tikolo wa 2003 alikuwa na madaraka makubwa uwanjani kuliko Tikolo kocha. Kocha kazi yake inaishia mazoezini, na mavuno yake huonekana kwa kuchelewa, pengine akiwa ameshafungasha virago. Uganda iliyokwenda Kombe la Dunia ilikuwa na wachezaji waliopita mikononi mwake, akiwamo mkongwe Frank Nsubuga, aliyewabana Papua New Guinea kwa kuruhusu mikimbio minne tu katika ova zake nne, akiwa na miaka 43.

Kwa Tanzania, swali la kumuuliza Tikolo si amefuzu wapi. Ni vijana wangapi amewafundisha kukaa mbele ya wiketi bila kukurupuka, jambo alilokuwa nalo yeye kuliko mpigaji yeyote wa Afrika Mashariki.