Tafakari ya Juma: Mpambaji wa Nyumba na Ukuta Wenye Unyevu



Wapendwa Waamini, majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya kwanza, alinijia ofisini dada mmoja wa parokia yetu. Hakuja kuungama, na nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hii aliitoa kwa moyo, ila jina lake libaki kwake. Kazi yake ni kupamba nyumba. Alikuwa na swali moja, nalo lilikuwa limemnyima usingizi kwa siku tatu. Mwenye nyumba mmoja alikuwa amempa kazi ya kuiandaa nyumba yake ili ipate mnunuzi. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umelowa tangu sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi imevimba, na harufu ya uvundo imejaa chumba kizima. Mwenye nyumba akamwambia abandike karatasi za ukutani, asogeze kabati mbele yake, na afungue madirisha mapema asubuhi kabla ya mnunuzi kufika. Dada huyu akaniuliza: "Padre, nikifanya hivyo, dhambi ni yangu au ni yake?"

Nilimjibu upesi, kama tulivyozoea sisi mapadre, kwamba dhambi ni ya wote wawili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi, Padre, nisaidie kujua mpaka uko wapi. Maana kazi yangu yote ni kuifanya nyumba ionekane nzuri kuliko ilivyokuwa jana." Hapo nikatambua kwamba nimetoa hukumu juu ya kazi nisiyoijua. Nikamwomba anialike siku moja nikamtazame akifanya kazi. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, na ndiyo ninayotaka tuyatafakari pamoja juma hili.

Kupamba nyumba si jambo geni kwetu. Huko Lamu, katika karne ya 18, mafundi walitengeneza zidaka katika lipu ya kuta za vyumba vya ndani, vijishubaka vya kuwekea vyombo vya thamani, na hata leo mgeni akiziona husimama na kushangaa. Lakini kuipamba nyumba ya mtu mwingine kama kazi ya kulipwa ni jambo la karibuni zaidi. Huko Marekani, mmoja wa watu wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo alikuwa Elsie de Wolfe, aliyeacha uigizaji wa jukwaani akapamba klabu ya wanawake iitwayo Colony Club, iliyofunguliwa mjini New York mwaka 1907. Aliondoa mapazia mazito na samani nyeusi zilizosongamana, akaingiza mwanga na rangi nyepesi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1972, Mmarekani mwingine, Barb Schwarz, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha kazi ya kuandaa nyumba kwa ajili ya kuuzwa. Jina aliloipa kazi hiyo alilichukua katika lugha ya jukwaa la maigizo, kwa kuwa naye alikuwa na uzoefu wa huko. Naomba mlikumbuke neno hilo, jukwaa, tutalirudia.

Siku niliyokwenda, dada yetu alikuwa ameamka saa kumi usiku. Saa kumi na mbili alikuwa Keko, akisimamia makochi yapakiwe kwenye kirikuu, maana anayakodi kwa fundi seremala kwa juma moja tu. Vitambaa alikuwa amevinunua Kariakoo siku moja kabla. Tulipoingia katika ile nyumba, jambo la kwanza alilofanya halikuwa kuweka kitu, bali kuondoa. Aliondoa meza tatu kati ya tano zilizokuwa sebuleni. Aliondoa picha za harusi na za mahafali, akazifunga kwa gazeti na kuziandikia. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba anayekuja kuitazama nyumba anataka kuwaona watoto wake mwenyewe wakikimbia humo, na hawezi kuwaona ikiwa kuta zimejaa watoto wa mwingine. Kisha akafua mapazia, akapaka rangi nyeupe iliyopoa, akaweka vikapu viwili vya Iringa penye pembe iliyokuwa tupu, akalisogeza kochi ili anayeingia alione dirisha kwanza. Mti wa mwembe uliokuwa nje ya dirisha lile haukuwa mpya. Ulikuwapo miaka yote, ila kabati lilikuwa limeuziba.

Nilimuuliza pia alijifunzia wapi. Aliwahi kusoma kozi fupi, lakini alisema mwalimu wake wa kwanza alikuwa bibi yake, kule Bukoba. Siku mgeni alipotarajiwa, bibi alitoa nyasi za zamani sakafuni, akafagia, akatandaza nyasi mbichi, na nyumba nzima ikanukia shamba. Bibi hakuwa na fedha ya kununua chochote. "Lakini mgeni alijua kwamba tulikuwa tumemngoja," alisema. Wapendwa, nimezisikia hotuba nyingi juu ya ukarimu, na chache zimenigusa kama sentensi hiyo.

Najua kuna atakayeuliza: Padre, katika parokia hii wapo watu sita wanaolala chumba kimoja, nawe unatuandikia habari za mapazia na vikapu? Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Ni kweli kwamba kuna mapambo yaliyo majivuno matupu, na kuna sebule zilizogharimu fedha ambazo zingeweza kumsomesha mtoto wa jirani. Lakini tusidhani kwamba uzuri ni haja ya matajiri peke yao. Ninapopeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa, naingia katika vyumba vyenu vya kila hali. Sikumbuki chumba hata kimoja nilichokikuta hakikuandaliwa. Kuna kitambaa cheupe juu ya kigoda, msalaba, mshumaa, glasi ya maji, na mara nyingi ua lililochumwa njiani. Nani aliyewafundisha? Hamkutaka kumdanganya Bwana kwamba ninyi ni matajiri. Mlitaka ajue kwamba mmemngoja. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliliona jambo hili. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aliwasifu watu wanaoishi katika majengo yaliyochakaa kwa nje, ambao hata hivyo huyatunza kwa upendo makao yao kwa ndani.

Maandiko Matakatifu nayo hayaidharau kazi hii. Katika Kitabu cha Kutoka, Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili aweze kuchonga, kusuka na kupamba maskani. Yule mwanamke wa Shunemu alimwandalia nabii Elisha chumba kidogo chenye kitanda, meza, kiti na taa; vitu vinne tu, na kila kimoja kina sababu yake. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule alipoiweka Ekaristi, alitaka ukumbi wa juu uliokwisha kupangwa na kuandaliwa. Alipowaaga wanafunzi wake alisema juu ya kwenda kuwaandalia mahali. Kumwandalia mtu mahali ni kazi ambayo Bwana hakuona haya kuitaja kuwa yake.

Sasa turudi kwenye ukuta wenye unyevu. Mpaka uko wapi? Baada ya kuitazama kazi ile nathubutu kusema hivi. Kuondoa kinachoyazuia macho yasione uzuri uliopo ni kazi halali na njema. Kuweka kitu ili macho yasione ubovu uliopo ni uongo. Kabati lililoondolewa dirishani lilimfunulia mnunuzi mti wa mwembe. Kabati lililosogezwa mbele ya ukuta uliooza lingemficha ugonjwa ambao watoto wake wangeuvuta kifuani kila usiku.

Wachache wetu tunakumbuka kwamba Kitabu cha Walawi, katika sura ya 14, kinazungumzia nyumba iliyoingiwa na ukungu. Mwenye nyumba alipaswa kwenda mwenyewe kwa kuhani na kumweleza. Kuhani aliagiza nyumba itolewe vitu vyote kabla hajaingia kuikagua, vitu hivyo visije vikahesabiwa kuwa najisi. Akiona madoa ya kijani au mekundu yaliyoingia ndani ya ukuta, aliifunga nyumba siku saba. Kisha mawe mabovu yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa, yakawekwa mawe mengine na udongo mwingine. Ugonjwa ukirudi, nyumba ilibomolewa. Angalieni utaratibu huo: kwanza kusema ukweli, kisha kuondoa ubovu, na lipu huja mwisho kabisa. Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea manabii waliofanya kinyume, ambao watu walipojenga ukuta dhaifu wao waliupaka chokaa, na mvua ilipokuja ukuta ukawaangukia.

Na hapa nalirudia neno jukwaa. Bwana Yesu alipowafananisha Mafarisayo na makaburi yaliyopakwa chokaa, aliwaita wanafiki. Neno la Kigiriki lililotumika katika Injili hapo awali lilimaanisha mwigizaji wa jukwaani. Mwigizaji hatendi kosa akiwa jukwaani, kwa sababu watazamaji wote wanajua kwamba ni maigizo. Kosa huanza pale mmoja anapoigiza na mwingine anadhani ni maisha. Nyumba inayouzwa inaweza kupangwa kama jukwaa, na mnunuzi anaelewa kwamba makochi yataondoka. Hawezi kuelewa kwamba hata ukuta ulikuwa maigizo.

Basi, ilikuwaje? Dada yetu alirudi kwa mwenye nyumba akamweleza kwamba bomba la maji taka linavuja ndani ya ukuta, litengenezwe kwanza, naye atasubiri. Mwenye nyumba alimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Fedha za kirikuu na za kukodi makochi alikuwa amekwisha kuzitoa mfukoni mwake, na hakurudishiwa. Ulikuwa mwezi wa ada ya shule. Ningependa kuwasimulia kwamba alipata kazi nyingine nono juma lililofuata, lakini haikuwa hivyo. Ile nyumba, nasikia, imekwisha kuuzwa. Nawaombeni tumwombee yeyote anayelala sasa kando ya ukuta ule.

Nilipompa pole, aliniambia jambo jingine, kwa upole, nalo linanihusu mimi na ninyi. Aliniambia kwamba huyo mwenye nyumba si mtu wa kwanza kutomlipa. Katika sherehe kubwa ya parokia yetu alipamba kanisa na ukumbi kwa siku mbili. Tulimpa fedha ya vitambaa na maua, tukampigia makofi, na kwa kazi ya mikono yake tukamwambia Mungu atamlipa. Hakuna aliyemuuliza kama anatoa sadaka hiyo kwa hiari. Mimi niliyesimama altareni na kumshukuru kwa kipaza sauti sikumuuliza. Sadaka ni kitu anachokitoa mtu. Tukijichukulia wenyewe, hiyo si sadaka tena. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alitufundisha kwamba thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya, si na aina ya kazi yenyewe. Fundi bomba, mhasibu na mpambaji wote ni watu, na ujira wa haki ni deni kwa kila mmoja wao.

Nimekwisha kumwomba radhi. Nimeiomba pia Halmashauri ya Walei kwamba kuanzia sasa, yeyote tutakayemwita kwa kazi ya ufundi, wapambaji wakiwamo, tupatane naye ujira kabla ya kazi. Akipenda kuutoa kuwa sadaka, autoe akiwa amekwisha kuushika mkononi.

Kwa juma hili nawaachia mambo mawili. Ikiwa kuna fundi, mshonaji, dobi au mpambaji unayemdai uvumilivu wakati yeye anakudai fedha, mlipe kabla ya Jumapili. Na jioni moja, kabla ya sala ya familia, tazama chumba chako cha ndani, kile ambacho mgeni haingii. Kama kuna ukuta uliousogezea kabati, katika nyumba au katika dhamiri, umwite Kuhani Mkuu aingie akautazame. Yeye haogopi uvundo, na kazi ya kukwangua anaifahamu.

Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Ni mimi, Paroko wenu.